Dar es Salaam na nyumba nafuu: mpangaji wa chumba kimoja amewekwa fungu gani?

Binti Tandika (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu. Naomba mwenye nafasi aufuate mpaka chini, maana jambo hili nimelibeba miaka mingi.

Nimezaliwa na kukulia Tandika, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu kulia, vitatu kushoto, korido katikati, uani choo, bafu na kibanda cha kupikia. Mwenye nyumba alikaa viwili vya mbele, na vinne vilivyobaki tulikaa familia nne. Chetu kilikuwa cha mwisho kushoto. Mama alifunga pazia katikati: upande mmoja kitanda chake, upande wa pili mkeka wetu sisi watatu. Nikisikia mtu anataja "nyumba nafuu", picha inayonijia ni ile nyumba. Aliijenga mzee mmoja aliyekuwa kuli bandarini, msingi mwaka huu, kuta mwaka ule, bati zikanunuliwa kumi kumi. Hakuna benki iliyomkopesha. Na familia nne zisizo na kiwanja zikapata pa kulala.

Mzee alipofariki warithi wakauza. Tukapewa mwezi mmoja. Nilikuwa kidato cha pili, na toka hapo mpaka namaliza shule tulihama mara tatu, kila mara dalali achukue chake cha mwezi na mwenye nyumba kodi ya miezi sita mkononi. Mama alikuwa akiuza vitumbua. Pesa ya miezi sita kwa muuza vitumbua ni mtaji wote pamoja na sufuria.

Kwa hiyo nimejaribu kufuatilia jiji letu limefanya nini kuhusu makazi, na kila hatua nimejiuliza swali hilohilo: mama yangu angeingia wapi?

Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962. Kazi yake ya mwanzo hapa mjini ilikuwa kubomoa nyumba za udongo na makuti, Magomeni na kwingineko, na kusimamisha za tofali palepale. Nia ilikuwa njema, lakini ukibomoa moja na kujenga moja idadi haiongezeki, na gharama inapanda. Mpango ule haukudumu hata miaka kumi.

Miaka ya 1970 fikra ikabadilika, na hapa mimi naona ndipo jiji lilipofanya jambo la maana kuliko yote. Serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ikaacha kujenga nyumba, ikapima viwanja. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilikatwa viwanja, zikachongewa barabara, zikawekewa maji, mwananchi akaambiwa ajenge mwenyewe kwa kadiri yake. Manzese, iliyokuwa imeshajaa watu, haikubomolewa. Ilipelekewa barabara, mitaro, maji na taa watu wakiwa ndani. Leo pita Sinza uone: nyumba zimebadilika mara tatu, ila barabara bado zipo na gari la zimamoto linapita. Halafu nenda mitaa iliyojijenga yenyewe, jeneza linapitishwa kwa kuinamishwa. Tofauti yake ni ile mistari iliyochorwa kabla ya watu kufika.

Baadaye ukaja Mradi wa Viwanja 20,000, kuanzia 2002: Kibada, Toangoma, Buyuni, Mwanagati, Mbweni, Bunju. Tukaletewa leseni za makazi kwa waliojenga bila kupimiwa, sasa kuna urasimishaji, yaani mitaa iliyojengwa bila mpango kupimwa na watu kupewa hati. Yote hayo nayaunga mkono. Lakini soma masharti yake: kila mahali anayehesabiwa ni mwenye kiwanja au mwenye jengo. Mfidiwa ni mwenye jengo. Mpewa leseni ni mwenye jengo. Mpangaji hana safu kwenye fomu. Sheria ya kudhibiti kodi ya 1984 ilifutwa 2005, basi hakuna tena baraza la kudhibiti kodi ikipandishwa. Na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, maana yake anayenunua umeme ndiye anayeilipa. Kwa maelfu ya nyumba za kupanga, huyo ni mpangaji. Analipa kodi ya jengo ambalo kesho anaambiwa alihame.

Nimepata mifano miwili tu hapa Dar ambapo wapangaji walipata nyumba kama wapangaji. Mmoja ni Magomeni Kota, wenyeji wake watueleze. Wa pili ni Chamazi, pembezoni kusini mwa jiji, na huu nataka niuseme kwa kituo.

Bandari ilipopanuliwa kuelekea Kurasini, mwaka 2008 watu wengi waliondolewa. Wenye nyumba walilipwa. Wapangaji walikuwa wa kufunga virago. Lakini miongoni mwao walikuwamo waliokuwa kwenye vikundi vya kuweka akiba, vya Shirikisho la Wakazi Maskini Mijini, wengi wao akina mama, waliokuwa wakiweka shilingi mia mia. Kwa msaada wa Kituo cha Miradi ya Jamii, taasisi inayojulikana kwa herufi CCI, wakanunua ekari 30 Chamazi kwa takriban shilingi milioni 24, wakaandikisha ushirika wa nyumba. Kikwazo kikaja kwenye vipimo: viwango vya mipango miji vya wakati ule vilitaka kiwanja kidogo kabisa kiwe mita za mraba 400. Kwa ukubwa huo wasingetosha. Ikabidi wajadiliane na serikali waruhusiwe viwanja vidogo zaidi, ili pesa ileile iwabebe watu wengi. Wakafyatua tofali wenyewe.

Ninachosema ni hiki. Jiji lina watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na sehemu kubwa yao wanalala kwenye vyumba vya kupanga. Mpango wowote wa nyumba nafuu usioanza na chumba cha kupanga unawapita watu hawa juu kwa juu. Naomba mchango.

---

Fundi Mbagala

Dada, umenikumbusha mbali. Mimi ni fundi ujenzi, mwaka wa kumi na tisa huu. Nikwambie kinachoua watu wetu: si tofali, ni kuanza vibaya. Mtu ana milioni tatu, anachimba msingi wa nyumba ya vyumba vinne, pesa inaishia kwenye jamvi, ile sakafu ya zege juu ya msingi. Miaka sita jamvi linaota majani na yeye bado analipa kodi kwa watu. Angejenga chumba kimoja na choo nyuma ya kiwanja, akahamia, ile kodi ndiyo ingejenga nyumba ya mbele. Wazee wa Tandika walilijua hilo bila kufundishwa.

Kuhusu tofali za kufyatua mwenyewe, zipo za kufungamana, na wale wakala wa utafiti wa nyumba bora pale Mwenge wamezihubiri miaka mingi na wana haki. Unachanganya udongo na saruji kidogo, unashindilia kwenye mashine ya mkono, hakuna kuni za kuchomea, na ukutani hujazi saruji kila mstari kwa sababu zinakamatana zenyewe. Ila angalieni udongo. Mchanga mtupu wa huku kwetu pwani haushiki, unahitaji udongo wenye mfinyanzi kiasi. Nimeona mtu kafyatua tofali elfu mbili za mchanga, mvua ya kwanza zikamong'onyoka zote. Pima udongo kwanza, na tofali zimwagiliwe siku saba zikiwa kivulini.

Saruji utaokoa. Bati na nondo hutaokoa, hapo bei ni ileile kwa tajiri na maskini.

---

Mtoto wa Kota

Nashukuru umetutaja. Mimi ni wa Magomeni Kota, baba alipanga pale toka zama za manispaa ya mwanzo, mimi nikazaliwa kwenye vile vyumba vya mkoloni. Tulivunjiwa 2011 kuingia 2012, familia 644, kwa ahadi kwamba tutajengewa. Eneo likakaa majani miaka. Watoto waliondoka pale darasa la kwanza, wakarudi wanaota ndevu.

Msichokijua wengi ni kwamba kilichotuokoa ni daftari. Kamati yetu ilikuwa na orodha ya kaya zote 644, jina kwa jina, chumba kwa chumba. Aliyefariki, mrithi wake aliandikwa. Aliyehamia Kibaha, namba yake ya simu ilikuwemo. Rais Magufuli alipokuja Oktoba 2016 na kukabidhi kazi kwa Wakala wa Majengo, hakuna aliyeweza kusema "hao watu ni akina nani". Machi 2022 Rais Samia alipozindua, majengo matano yenye nyumba 656, waliotangulia kuingia ni wa kwenye daftari.

Tukaruhusiwa kununua. Chumba kimoja ni kama milioni 48, vyumba viwili kama 56, kwa miaka 30. Ukigawa milioni 56 kwa miezi 360 unapata kama laki na nusu na ushee kwa mwezi. Kwa Magomeni hiyo ni kodi ya kawaida, tofauti unabaki na nyumba. Lakini wapo wazee wetu wa miaka 75 ambao kwao hata laki na nusu ni mlima, na miaka 30 hawanayo. Hao walikuwa na maumivu ya kweli na sipendi yafichwe.

Na ghorofa lina mambo yake. Genge la mama lililokuwa barazani halina pa kukaa. Jiko la mkaa huwezi kulipandisha. Msiba ukitokea, turubai unalifunga wapi? Tumejifunza, lakini anayechora ghorofa la watu wa kipato cha chini akae kwanza wiki moja na watu hao.

---

Mzee wa Sinza

Wanangu, salaam. Nina miaka 78, mjukuu ananiandikia.

Kiwanja changu cha Sinza nilikipata 1976. Nilikuwa karani. Tulipewa kiwanja na mkopo mdogo wa Benki ya Nyumba kwa ajili ya vifaa, na tulitakiwa tujenge kwa muda uliopangwa. Nilijenga vyumba viwili, nikapangisha kimoja mwezi uleule. Huyo mpangaji wa kwanza alikaa kwangu miaka kumi na moja na watoto wetu walikua pamoja.

Lakini binti, useme na upande wa pili. Miongoni mwa majirani zangu wa mwanzo, wale wa kipato cha chini kabisa, wengi waliuza. Mtu anakuja na pesa nyingi kuliko mshahara wa miaka mitano, mtoto anaumwa, anauza. Ndiyo maana Sinza ya leo si ya makarani na wapagazi. Mradi ulifaulu kupanga mji, watu uliowalenga haukuweza kuwashika. Na Benki ya Nyumba yenyewe ilifungwa 1995, ikawa basi, mtu wa kawaida hana pa kukopa.

---

Binti Tandika

Shikamoo mzee wangu. Nakubali kabisa, na nilikosea kupita hapo haraka. Kiwanja cha mtu mmoja mmoja kinauzika siku ya shida. Nadhani ndiyo sababu wale wa Chamazi walichagua ushirika: kutoka ni lazima upitie kwa wenzako.

Mtoto wa Kota, kaka, hilo la daftari nimelisoma mara tatu. Nalirudia chini.

---

Dawati la Mikopo

Nafanya kazi kwenye benki, sitaitaja. Niweke hesabu mezani maana watu wanaambiana "chukua mkopo wa nyumba" kama ni jambo la kawaida.

Tuseme nyumba ya milioni 50, mkopo wote, riba asilimia 15, miaka 15. Marejesho ni kama laki saba kwa mwezi. Mpaka unamaliza umelipa kama milioni 126. Benki kwa kawaida haitaki marejesho yazidi theluthi moja au nusu ya mshahara, kwa hiyo tunazungumzia mtu wa milioni moja na nusu au mbili kwa mwezi, mwenye ajira ya kudumu na hati. Mama wa vitumbua hayumo, bodaboda hayumo, mwalimu wa shule ya msingi hayumo. Kampuni ya kukopesha mabenki kwa ajili ya mikopo ya nyumba ipo toka 2010 na imesaidia kurefusha muda, ila riba bado ni riba.

Mkopo unaoendana na watu wetu ni mdogo, wa mwaka mmoja hadi mitatu, wa kupaua, au wa kuongeza chumba. Nautetea huo kazini kila mwaka.

---

Mama Mwenye Nyumba

Naomba na mimi nisikilizwe, maana sisi wenye nyumba kwenye nyuzi hizi ni wabaya siku zote.

Nina nyumba Mbagala, vyumba vitano, wapangaji wanne. Ni mjane. Nachukua kodi ya miezi sita, ndiyo. Mnajua naifanyia nini? Kile chumba cha tano nilikijenga kwa kodi za mbele za watu watatu. Choo cha kuvuta maji, hivyohivyo. Benki ilinikataa kwa sababu nina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu. Nikichukua kodi ya mwezi mwezi, elfu arobaini arobaini, inaishia kwenye mboga, chumba hakijengwi.

Nipeni mkopo wa kuongeza vyumba viwili kwa riba ya kibinadamu na mimi nitaandika mkataba wa kodi ya mwezi mwezi na notisi ya miezi mitatu. Nasema kwa moyo wangu wote. Mpangaji wangu mmoja ana mtoto mchanga, sipendi kumuona anahangaika kila Julai na Januari.

---

Fundi Mbagala

Mama, hapo umegusa penyewe. Vyumba viwili uani kwa bati, plasta ndani, sakafu ya saruji, ni kazi ya wiki tano. Mtaa mmoja wenye nyumba mia tatu, kila ya tatu ikiongeza vyumba viwili, ni vyumba mia mbili bila kununua hata futi moja ya ardhi. Maji na choo viangaliwe tu, maana vyumba vikiongezeka na shimo ni lilelile, kipindupindu kinakuja.

---

Jirani wa Nairobi

Hamjambo ndugu zetu. Huku kwetu tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi na mwajiri anaweka 1.5 nyingine, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Tozo ya kwanza Mahakama Kuu iliitupa Novemba 2023, kwa sababu moja kwamba iliwabana wenye ajira rasmi pekee. Majengo yanainuka, ni kweli. Ila vita vikali ni nani anaingia.

Nikisoma hapa kuhusu daftari, nafikiria Mukuru. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa, zaidi ya kaya laki moja, na wakaaji wengi ni wapangaji. Walijipanga kaya kumi kumi, kila kumi wakachagua mwakilishi. Haikuulizwa kama una karatasi ya ardhi. Iliulizwa kama unalala hapo.

---

Wa Kurasini

Mimi nilikuwa Kurasini, mpangaji, na sikuwa kwenye kikundi cha akiba. Niliwaona wale akina mama na madaftari yao nikadhani wanapoteza muda. Wao wana pao, mimi leo napanga Mtoni kwa Azizi Ally.

Lakini nisiwafiche: sikwenda nao Chamazi pia kwa sababu ya umbali. Kazi yangu ni bandarini, kibarua. Gari la kupeleka watu kazini halisubiri, saa kumi na moja alfajiri unatakiwa uwe getini. Nauli za kwenda na kurudi Chamazi, na foleni ya Mbagala enzi zile, zingekula theluthi ya posho. Mwenye kibarua cha siku anahitaji kulala karibu na kazi. Ndiyo maana tunabanana mjini, vyumba vyenye unyevu, wala si kwamba hatutaki nafasi. Anayeandaa mpango wa nyumba nafuu ahesabu na nauli.

---

Binti Tandika

Nimesoma yote, mengine kwa machozi. Ndugu wa Kurasini, pole sana. Na hoja ya nauli ni kubwa kuliko nilivyoipa uzito.

Mtaa ninaoishi sasa tumeanza urasimishaji. Wapimaji wameshaweka bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, upande wa juu. Wiki iliyopita nilikwenda ofisi ya mtaa nikauliza kama wapangaji tunaandikwa popote. Mtendaji alinijibu vizuri tu: fomu haina sehemu hiyo, ila hakuna kinachotuzuia kuandika wenyewe na kuiwasilisha kwenye mkutano. Nikatoka bila la kusema. Baada ya uzi huu ninalo.

Nimechora kurasa: jina, nyumba namba ngapi, chumba, watu wangapi ndani, umekaa toka lini, unalipa kodi ya miezi mingapi, kazi unafanyia wapi, nauli kiasi gani. Mtoto wa Kota, niongezee kilichopungua.

---

Mtoto wa Kota

Ongeza jina la mrithi na sahihi. Bila sahihi watalipinga. Na liwe na nakala mbili, moja isikae kwenye nyumba ya mtu mmoja.

---

Mama Mwenye Nyumba

Ongeza ukurasa wa wenye nyumba waliokubali mkataba wa mwezi mwezi. Wengi wataogopa kuwa wa kwanza. Ni mtaa gani huo? Kama ni jirani na kwangu nitakuja mwenyewe.

---

Binti Tandika

Mama, nimekutumia ujumbe wa faragha. Mkutano ni Jumapili saa nne asubuhi, ofisi ya mtaa. Jana usiku nimeanza na korido yetu: vyumba saba, watu thelathini na mmoja.